Bendi kongwe, mwimbaji mpya: namna ya kuisikiliza albamu kabla hujaanza kutukana

Mashabiki wa progu hapa Dodoma tukikusanywa wote hatujazi haisi moja ya Jamatini kwenda Nkuhungu, lakini kelele zetu ni za uwanja mzima. Na hamna kitu kinachotugawa kama bendi kongwe kutoa albamu na mwimbaji mpya. Bendi ya Yes ya Uingereza wakitoa kitu tu basi, wazee wanasema bila Jon Anderson, mwimbaji wao wa zamani, hiyo sio Yes, ni watu wamekodi jina, vijana wa UDOM walioijulia bendi kwenye simu wanajibu kwamba wazee mmekwama 1973, anatokea mmoja anaingiza bendi ya Genesis, mwingine anamtetea Fish, mwimbaji wa zamani wa Marillion, kama vile ni mjomba wake, na wiki nzima inaisha hakuna aliyeongelea hata wimbo mmoja wa hiyo albamu yenyewe.

Kama we ni mgeni, progu ni ile roki ya Waingereza iliyoshika miaka ya 70, nyimbo ndefu, vinanda vingi, mapigo yanayobadilika kila ukizoea. Close to the Edge ya Yes ya mwaka 1972, wimbo wenye jina hilo unakula upande mzima wa sahani, dakika kama 18. Kwahiyo watu wa muziki huu wana subira kubwa ya kusikiliza, ila subira hiyo inaisha siku mwimbaji anabadilika.

Huu ni muongozo wa namna ya kuisikiliza albamu ya aina hiyo. Ni kwa pande zote mbili. Msimamo wangu nauweka wazi mapema ili usije ukasema nimekuzunguka: mara nyingi mwimbaji mpya anabebeshwa mizigo isiyo yake, na ukijifunza kuipakua hiyo mizigo mmoja mmoja unaweza bado usiipende albamu, sawa kabisa, ila utakuwa unaichukia kwa sababu sahihi.

Tenganisha kesi mbili

Kuna kesi ya jina na kuna kesi ya nyimbo. Kesi ya jina inauliza hawa wana haki ya kujiita Yes au hawana. Kesi ya nyimbo inauliza hizi nyimbo ni nzuri au sio nzuri. Watu wanazichanganya, wanatumia hasira za kesi ya kwanza kutoa hukumu ya kesi ya pili. We ukikaa kusikiliza, kesi ya jina iweke pembeni kabisa, itakuwepo tu ukimaliza, haiendi popote.

Na sisi Watanzania hatuna sababu ya kushindwa hili jambo, maana tumelelewa nalo. NUTA Jazz ilianza 1964, ikaja kuwa Juwata, ikawa OTTU, leo watu wanasema Msondo Ngoma na hakuna anayeomba kitambulisho. Muhidin Gurumo akaondoka Juwata mwaka 1978 kwenda kuanzisha Mlimani Park, hiyo Sikinde, baadae akaenda Safari Sound, baadae tena akarudi Msondo, na Hassan Bitchuka naye kahama hama hivyohivyo. Baba zetu walinuna, wakatambiana, wakaenda kucheza. Walikuwa wanabishana kwa kutaja nyimbo, wimbo gani wa safari hii umezidi upi wa wale wengine.

Ila nisiseme uongo, kuna tofauti. Bendi ya dansi ilikuwa na waimbaji watatu wanne wamesimama mbele, akitoka mmoja wengine wanaziba. Bendi ya roki sura yake ni mtu mmoja, na sauti ya Jon Anderson iko juu kule, nyembamba, haifanani na ya mtu mwingine, kwahiyo akitoka pengo linaonekana hata kwa asiyejua muziki. Ndo maana wazee wanaumia, na hilo naliheshimu. Wenzetu wa King Crimson walishazoea zamani, kati ya 1969 na 1973 waliimba Greg Lake, Gordon Haskell, Boz Burrell na John Wetton, kila ukigeuka kuna mwingine, mashabiki wao wakajifunza kulifuata gitaa la Robert Fripp ambaye hajawahi kuondoka.

Soma karatasi ya albamu kabla hujabonyeza

Hii hatua watu wanairuka na ndo hatua kubwa kuliko zote. Kabla hujasikiliza tafuta mambo manne: nani katunga, nani prodyuza, nani kabaki kwenye bendi, na nani mwingine hayupo mbali na mwimbaji. Hilo la nne lizungushie duara.

Chukua Genesis. Mwimbaji wao Peter Gabriel katoka 1975, wakahangaika kujaribu waimbaji, mwisho mpiga dramu wao Phil Collins akaimba mwenyewe, A Trick of the Tail ikatoka 1976 na watu wakaipokea vizuri tu. Unajua kwanini ilienda kirahisi? Sababu moja ni kwamba Collins alikuwa anaitikia nyuma ya Gabriel tangu ameingia, na kuna nyimbo mbili za zamani aliongoza yeye, ya 1971 na ya 1973, yaani masikio ya watu yalishamzoea bila wao kujua. Sababu ya pili watunzi karibu wote walikuwa bado wapo. Gabriel alikuwa na maneno makali na mavazi ya ajabu jukwaani lakini muziki wenyewe ulikuwa unatoka kwa wengi.

Sasa njoo 1997, Calling All Stations. Collins naye kashaondoka, wamemchukua Ray Wilson, Mskoti, aliyekuwa na bendi ya Stiltskin. Albamu Uingereza ikafika namba 2, Marekani ikalala, ziara ya kule wakaifuta, na bendi ikasimama. Miaka yote watu wanamlaumu Wilson. Mi nikisoma karatasi naona kitu kingine: Collins alipoondoka hakuondoka na sauti peke yake, kaondoka na dramu! Ile mikono ndo ilikuwa injini ya Genesis tangu 1970. Kwenye Calling All Stations dramu zimepigwa na watu wa kuazima, wazuri lakini wa kuazima, na nyimbo nyingi zinatembea kwa mwendo uleule wa kukokota. Wilson ana sauti nzuri tu, nzito, yenye kokoto. Kapewa nyumba isiyo na msingi halafu analaumiwa kwa rangi ya ukuta.

Upande mwingine kuna Heaven & Earth ya Yes, 2014, mwimbaji Jon Davison. Hapa karatasi inasema Davison ametunga pamoja na wenzake karibu nyimbo zote, kwahiyo hapa huwezi kumtoa kwenye lawama kirahisi, kama unaona nyimbo ni laini kupita kiasi basi na yeye yumo. Ila prodyuza ni Roy Thomas Baker, yule aliyefanya kazi na Queen, na mi tatizo langu kubwa na hiyo albamu ni mwendo, dramu zimelala, kila wimbo unasubiri kitu ambacho hakiji mpaka ule wa mwisho, Subway Walls, ndo bendi inaamka. Mwendo wa dramu sio kazi ya mwimbaji. Unaona sasa, lawama yenyewe imeshagawanyika watu watatu wanne, na hatujabonyeza bado.

Alafu usichanganye albamu na ziara. Hili kosa limeiua Drama. Mwaka 1980 Anderson na mpiga vinanda Rick Wakeman waliondoka Yes, wakaingia Trevor Horn na Geoff Downes, wale jamaa wa The Buggles, watu wa pop kabisa, mashabiki wakapandwa na hasira. Albamu yenyewe ilifika namba 2 Uingereza na ni kali, Machine Messiah inafungua kwa gitaa zito ambalo Yes walikuwa hawajawahi kulipiga hivyo, mi mwenyewe naiweka juu ya Tormato iliyoitangulia, na Tormato ina Anderson na Wakeman wote wawili. Tatizo lilikuja jukwaani, Horn ikabidi aimbe kila usiku nyimbo za Anderson zilizotungwa kwa koo la Anderson, sauti ikamchoka. Watu walioona ziara wakarudi wakaihukumu albamu. Kwenye albamu nyimbo zilikatwa kwa kipimo chake yeye, ziara ilikuwa ni kuvaa nguo za mtu mwingine.

Na utamu wa hii habari, huyohuyo Horn aliyezomewa akarudi 1983 kama prodyuza wa 90125, Anderson karudi kuimba, ikatoka Owner of a Lonely Heart ikashika namba 1 Marekani. Na sehemu kubwa ya albamu hiyo ilikuwa tayari kabla Anderson hajaingia. Mzee akikwambia 90125 ndo Yes halisi na Drama ni feki, mwamkie kwanza, shikamoo, alafu muulize taratibu nani alikuwa amekaa kwenye mashine.

Kusikiliza kwenyewe

Spika ya simu hapana. Hii sio maringo, ni kwamba kwenye muziki huu nusu ya kazi iko kwenye besi na spika ya simu haina besi, kwahiyo utasikia sauti ya mwimbaji peke yake imeelea juu ya makelele, na hapo lazima umchukie. Sabufa ya nyumbani inatosha ila punguza ule mdundo, wengi tumezifungulia mpaka vyombo vya kabatini vinaitikia. Earphone za kawaida za kuchomeka zinatosha pia kama haziko mbovu upande mmoja.

Mahali pazuri kuliko pote siku hizi ni kwenye treni ya SGR. Ukiondoka Dodoma mpaka ufike Morogoro albamu nzima inaisha na chenji inabaki, hamna anayekusumbua, unaangalia nje mibuyu na vilima vinapita. Ila pakua mapema, usitegemee bando, maana ukifika yale mahandaki ya upande wa Kilosa mtandao unaweza kukukimbia katikati ya solo.

Mara ya kwanza sikiliza yote bila kuruka na bila kuandika chochote kwa mtu yeyote. Mara ya pili, na hii ndo yenyewe, usimsikilize mwimbaji kabisa. Fuata besi mwanzo mwisho, kama unashindwa fuata dramu. Ukimaliza jiulize kama muziki ungekuwa hauna mtu anayeimba ungeendelea kuusikiliza? Kama jibu ni hapana basi Jon Anderson mwenyewe asingeuokoa. Mara ya tatu ndo unamrudia mwimbaji, na mpe siku kadhaa kabla ya hiyo ya tatu, maana sauti ngeni siku ya kwanza inasikika ngeni tu, hamna namna, sikio linatafuta ile ya zamani kama ulimi unavyotafuta jino lililong'oka.

Jaribio la wimbo mmoja koo mbili

Kuna bahati moja ambayo mashabiki wa Yes tumepewa na karibu hakuna bendi nyingine wamepata, na nashangaa watu hawaitumii.

Mwaka 2008 Anderson aliugua kifua, pumzi zikamshinda, ziara ikafutwa. Bendi wakamchukua Benoît David, Mkanada, aliyekuwa anaimba kwenye bendi ya kopi ya nyimbo za Yes, mpiga besi wa Yes, Chris Squire, alimuona YouTube. Mwaka 2011 wakatoa Fly from Here na David akiimba, prodyuza Trevor Horn. Ule wimbo mkubwa wa dakika kama 24 unaobeba jina la albamu mbegu yake ni ya Horn na Downes, tangu 1980 huko walipokuwa wanaingia Yes. Sasa 2018 wakaitoa tena, Fly from Here – Return Trip, muziki karibu wote ni uleule, wamepiga miksi upya, ila sauti ya David imetolewa na Horn kaimba yeye mwenyewe. Squire alishafariki 2015 lakini besi yake imo, kwahiyo unapata kikosi kizima cha Drama kwenye albamu nyingine.

Unaelewa maana yake? Mpigaji besi yuleyule, gitaa karibu lote lilelile, kilichobadilika zaidi ni koo. Kama unataka kujua mwimbaji anabadilisha kiasi gani cha wimbo, jibu liko hapo.

Fanya hivi. Chagua kipande kimoja tu cha huo wimbo mkubwa, sehemu ile ya We Can Fly inatosha. Piga ya 2011, alafu hapohapo ya 2018. Usikilize mambo matatu. Kwanza kimo cha sauti, David anapanda vizuri, ni safi, na yuko karibu na eneo la Anderson, kwahiyo sikio linasema "Yes" haraka. Horn yuko chini zaidi, sauti kavu kidogo, ya mtu anayesimulia. Pili angalia nani anayaamini maneno. Hapa kwangu Horn anashinda mbali, maana kayatunga, anajua neno lipi la kuegemea na lipi la kupita, David anaimba kila neno kwa uzito mmoja kama mtu aliyepewa karatasi, vizuri lakini karatasi. Tatu, na hili ndo la kukupa usingizi mbaya, sikiliza ni mambo mangapi HAYAJABADILIKA. Ule mkao wa wimbo, kupanda na kushuka, lile gitaa la Steve Howe linaloingia pembeni, vyote vipo palepale. Kama ulikuwa unasema ya 2011 ni mbovu kwasababu ya David, ya 2018 inakuondolea kisingizio, ukiendelea kuona mbovu basi tatizo lako liko kwenye wimbo, na kama ghafla umeipenda basi ulikuwa sahihi, ilikuwa ni koo, hongera.

Watu wawili wakifanya hili jaribio wanaweza kutoka na majibu tofauti na wote wakawa na hoja. Mi nachotaka hoja iwepo.

Sauti unayoililia inaweza kuwa ya mtu wa besi

Hapa nitakaa kidogo kwasababu ndo penye ugomvi wa The Quest ya 2021 na Mirror to the Sky ya 2023, zote Davison anaimba na Steve Howe ndo prodyuza.

Nyimbo za Yes za zamani hazikuimbwa na Anderson peke yake. Kwenye viitikio kulikuwa na sauti tatu, Anderson juu, Squire na Howe wanaitikia, na Squire alikuwa na sauti nzuri ambayo angeweza kuongoza bendi yoyote ile. Na chini ya hapo besi yake, ile Rickenbacker inayokwaruza, inaongea kama gitaa la kuongoza. Drama watu walioipenda walisema ajabu, mbona bado inasikika Yes, ni kwasababu Squire yuko kila mahali, kwenye besi na kwenye kuitikia. Heaven & Earth ndo albamu ya mwisho ya studio ya Yes aliyopiga.

Kwahiyo mtu anaweka The Quest, anasikia kitu kimepungua, na kwasababu Davison ndo yuko mbele ya maiki anasema Davison hana kitu. Ngoja. Davison kafanana na Anderson kwa eneo la sauti kuliko wote waliopita, huyu naye alikuwa kwenye bendi ya kopi ya Yes, na Taylor Hawkins wa Foo Fighters, rafiki yake wa utotoni, ndo alimpendekeza kwa Squire. Kilichopungua ukikisikiliza kwa makini kiko chini, sakafuni. Billy Sherwood anapiga besi kwa heshima kubwa, Squire mwenyewe alitaka yeye amshikie nafasi, lakini heshima na kukwaruza ni vitu viwili. Jaribu: piga wimbo wowote wa The Quest, alafu piga Tempus Fugit ya Drama ambayo Anderson HAYUPO. Kama Tempus Fugit imekupa kile ulichokuwa unakikosa, basi umeshajua unamlilia nani.

Hili linahusu bendi yoyote sio Yes peke yake. Kabla hujamlaumu mgeni angalia nani mwingine kaondoka kimyakimya.

Marillion kwa kifupi

Fish aliondoka 1988, akaja Steve Hogarth, Seasons End ikatoka 1989. Muziki mwingine wa hiyo albamu ulikuwa umeshaanzwa Fish akiwepo, na demo zake zilikuja kutoka baadae kwenye toleo la 1999 la Clutching at Straws, kwahiyo na hapa unaweza kusikia vipande vilevile kabla na baada. Fish alikuwa mtu wa maneno mengi, anakushika shati akuelezee, Hogarth anakuachia nafasi. Kuna watu mpaka leo wanamuita Hogarth mwimbaji mpya, na jamaa ana miaka zaidi ya 35 kwenye bendi! Fish alikaa kama saba. Ukibishana na mtu wa hivyo, mnunulie juisi ya ubuyu mhamie kwenye mada nyingine.

Ukiwa na wageni wa pande zote mbili

Mkiamua kusikiliza kwa pamoja, nyumbani kwa mtu Area C au Kisasa popote, kuna utaratibu unaosaidia. Anayeshika simu ya kupiga nyimbo ni mmoja, na hataji jina la albamu wala mwaka. Changanya nyimbo za mwimbaji wa zamani na za mpya, na weka ambazo hazijulikani sana, usiweke Roundabout, kila mtu atajua. Kila wimbo ukiisha mtu anasema kitu kimoja alichosikia, sio nani anaimba, alichosikia. "Besi imenivuta pale katikati." "Kiitikio kimerudi mara nyingi." Mkimaliza ndo mnafungua majina. Mtashangaa, mzee anayesema hawezi kumvumilia Davison kamsifia mara mbili, kijana anayesema Anderson ni wa zamani katikisa kichwa wimbo mzima.

Wazee wapewe nafasi ya kuongea kwanza na wasikatizwe, maana wengine muziki huu waliupata kwa kanda zilizorekodiwa juu ya kanda nyingine, wakausikiliza mpaka utepe ukachakaa, sauti ya mtu ikikuingia kwa njia hiyo sio kitu cha kukitoa kwa hoja. Lakini na dogo akisema The Quest ndo ilimfungulia mlango asichekwe. Mishkaki ije baada ya nyimbo, sio wakati wa nyimbo, mtu anayetafuna hasikii besi.

Na kama mnataka mfano wa karibu zaidi wa kumalizia ubishi, uko hapahapa kwetu. Mzee Hukwe Zawose, Mgogo wetu, mtu wa zeze na ilimba (ile marimba ya vidole gumba), alirekodi kwa lebo ya Real World, na Real World ni ya nani? Ya Peter Gabriel, huyohuyo aliyeondoka Genesis. Mzee Hukwe alifariki 2003. Mwaka 2024 wanawake wa ukoo wake, Pendo na Leah, wakajiita The Zawose Queens na kutoa albamu yao, Maisha, kwa lebo ileile. Kwenye huo ukoo wanaume ndo walikuwa wanasimama mbele, wanawake wanaitikia, sasa walioitikia wamekuja mbele. Wekeni Chibite ya Hukwe ya 1996, wekeni Maisha. Mgogo yeyote mzima atawaambia ilimba ileile, mpishano wa sauti uleule, na waimbaji ni wengine, na hatosema hii sio ya kina Zawose. Kama kichwa kinaweza kulipokea hilo kwa muziki wa nyumbani kinaweza kulijaribu na kwa Waingereza.

Ukifika wakati wa kuandika maoni yako

Maneno ya kuepuka: "hana roho", "amekufa", "hawa sio wenyewe", "muziki wa siku hizi". Hayo hayamwambii mtu kitu. Sema wapi. Sema dakika ya ngapi. Andika "kiitikio cha wimbo wa tatu kinapanda mahali ambapo koo lake linakonda" na mtu ataenda kusikiliza, na akikukatalia atakukatalia kwa dakika ileile, mnakuwa mnaongelea kitu kimoja. Na kusema "sijaipenda" bila kueleza ni ruhusa, ila ukisema hivyo ishia hapo, usiongeze hotuba.

Kama unaanzia sifuri na unataka njia fupi, mpangilio wangu ni huu: Close to the Edge ili ujue kelele zinatoka wapi, alafu Drama, alafu Fly from Here zote mbili mfululizo, alafu Mirror to the Sky. Heaven & Earth iache mpaka mwisho, na anza na Subway Walls.